Miguu Nayo Inaimba

Mwalimu wangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini wewe, mama watoto na wanakwaya wote hamjambo. Mimi namshukuru Mungu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza kama vile vipande vifupi vya mtunzi Johann Sebastian Bach vilivyomo katika Orgelbüchlein, yaani Kijitabu cha Kinanda, vinaweza kupigwa kwa mikono peke yake, kwa kuwa kinanda cha usharika wenu ni cha umeme na hakina pedali, yaani vile vibao vya chini vinavyopigwa kwa miguu. Naomba usikate shauri kabla hujasoma haya.

Bach alikiandika kijitabu hicho zaidi alipokuwa akitumikia jumba la watawala wa Weimar, Ujerumani, kati ya 1708 na 1717. Alikusudia kutunga vipande vya kinanda juu ya tenzi 164, akaandika majina yake juu ya kurasa tupu, kwa sehemu kubwa akifuata mwaka wa Kanisa kuanzia Majilio, kisha akawa anazijaza noti moja moja kadiri alivyopata nafasi. Vilivyokamilika ni 46. Penginepo ukurasa ulimwishia kabla ya wimbo kwisha, akalazimika kuubana mwisho wake kwa herufi badala ya noti. Vingi havizidi dakika mbili. Baadaye, akiwa Köthen, mji mwingine wa Ujerumani, alikipa ukurasa wa mbele unaosema kwamba kimekusudiwa mwanafunzi wa kinanda, na kwamba pedali ni ya lazima.

Sababu ya kuilazimisha utaiona katika wimbo wa anguko la Adamu, Durch Adams Fall. Mikono inaucheza utenzi jinsi waumini wanavyouimba, sauti za kati zinajipindapinda kama nyoka, na huku chini miguu inaanguka: inashuka kwa ghafla kutoka noti ya juu hadi ya chini sana, inatulia kidogo, inaanguka tena. Anguko lenyewe limewekwa miguuni. Ukiiondoa pedali, umebakiza utenzi na nyoka, lakini Adamu hayumo.

Ndiyo maana nakusihi usikiguse kinanda kabla hujayasoma maneno ya utenzi. Katika O Mensch, bewein dein Sünde groß, yaani Ee mwanadamu, lilia dhambi yako kuu, ubeti wa kwanza unakwisha kwa kueleza jinsi Kristo alivyoubeba mzigo wa dhambi zetu msalabani kwa muda mrefu, na neno la mwisho kabisa ni hilo la urefu wa muda. Hapo Bach ameandika kwamba upigaji uwe wa taratibu mno, na sauti zinapita mahali pa giza lisilotarajiwa kabla ya kurudi nyumbani. Kila nikifika hapo mikono yangu hupunguza mwendo yenyewe, kwa kuwa moyo unajua kinachosemwa.

Sasa, kwako nashauri uanze na Ich ruf zu dir, yaani Nakulilia wewe, kwa sababu hicho ndicho kipande pekee katika kijitabu chote chenye sauti tatu tu, na kila sauti ina kazi inayosikika waziwazi. Mkono wa kulia unaimba ombi la mtu anayemlilia Bwana, wa kushoto unatiririka bila kupumzika, na pedali inarudia noti zake kwa utulivu, kama mtu apigaye hodi mlangoni ambaye hana nia ya kuondoka. Kwa kuwa pedali hamna, mtafute kijana wa besi anayejua noti, umketishe kwenye kinanda cha pili, na umpe hiyo sauti ya chini aipige peke yake kwa mkono mmoja. Asiiharakishe wala asiikandamize. Akiizoea, mwambie aiimbe huku akipiga, maana mtu aliyekwisha kuiimba besi hii hatakubali tena iitwe nyongeza. Usharika ukijaliwa kupata pedali, wewe utakuwa umekwisha kuisikia sauti hiyo masikioni, na miguu itajua inatafuta nini.

Nimeambatanisha nakala ya noti. Vidole vya mkono wa kushoto nimeviandika kwa penseli. Ukiona havikufai, vifute uandike vyako. Tafadhali niandikie huyo kijana wa besi atakapokuwa ameupiga wimbo wote mara ya kwanza.

Rafiki yako wa siku zote katika uimbaji.