Kabla hujalipia kiti

Tanga

Shoga yangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na kusikia kwamba chumba chako cha kutibia meno cha Morogoro kimeshapakwa rangi kumenifurahisha sana. Unaniuliza ununue kiti kipi cha kumlazia mgonjwa kati ya hivyo vitatu vya kwenye picha. Shoga, cha kwanza changu nilikichagua kwa picha, nikateseka nacho miaka sita.

Kwa macho kilikuwa kizuri: taa, bakuli la kutemea, mirija ya kufyonza mate na meza ya vifaa, vyote mwili mmoja. Lakini egemeo lake lilikuwa nene upande wa kichwani, magoti yangu hayakuingia chini yake. Ikawa kutwa namwinamia mgonjwa kwa mbali, kiuno kimepinda. Maumivu ya bega unayoyajua yalianzia hapo. Tena hakikushuka vya kutosha. Bibi mmoja mwenye magoti mabovu tulimpandisha watu wawili, akaona haya mpaka akataka kurudi nyumbani na jino lake bovu. Uso wake sijausahau.

Basi kabla ya kuuliza bei, lala juu ya kiti hicho wewe mwenyewe, nusu saa nzima. Kisha kaa kwenye stuli, mlaze mtu, umshushe mpaka mdomo wake ulingane na kiwiko chako, mabega yako yakiwa yamelegea. Magoti yakigonga chuma, kiache. Tazama pia kama mkono wa kiti unafunguka kando, maana mzee wa mkongojo huingilia ubavuni. Na mjamzito wa miezi ya mwisho usimlaze chali. Mwekee mto chini ya nyonga ya kulia aelemee kushoto, mfuko wa uzazi usije ukabana mshipa mkubwa wa damu akazimia.

Maji ndiyo yaliyonigharimu zaidi. Niliunganisha ya kisima, yenye chumvi kama mengi ya huku pwani, vali zikaganda. Chukua kiti chenye chupa yake, utie maji yaliyokenekwa. Hata hivyo chupa peke yake haitoshi: mirija ya maji ni myembamba, maji yakilala humo bakteria hujenga utando, kwa hiyo lazima utie dawa ya kuisafisha kama mtengenezaji alivyoelekeza. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inataka bakteria wasizidi 500 kwa mililita moja, kama maji ya kunywa, na kila mgonjwa akiondoka uache maji na hewa vitoke kwenye vifaa vinavyoingia mdomoni sekunde 20 hadi 30.

Kompresa, mashine ya kusukuma hewa kwenye vifaa, iwe isiyotumia mafuta. Mafuta yakiingia kwenye hewa, kujaza jino kunaharibika. Stebilaiza, kile kifaa cha kutuliza umeme, usiiache. Umeme ukikatika mgonjwa amelala, kiti hakiinuki, kwa hiyo fanyeni mazoezi wewe na muuguzi wako ya kumteremsha. Na umeme ukiwepo, mwinue polepole, akae dakika mbili kabla ya kusimama, hasa anayemeza dawa za presha.

Muuzaji akikuahidi fundi, omba namba ya fundi huyo umpigie mwenyewe, umuulize vali na mipira ya kubadilisha vinapatikana Dar au vinaagizwa nje. Usilipe hata shilingi kabla hajakujibu.

Jumamosi baada ya adhuhuri sina wagonjwa. Panda basi uje ulale kwenye kiti changu cha sasa, na stuli yako uje nayo.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Tanga