Tumepita Bonde la Tarn Bila Haraka

Lyon, Ufaransa

Baba na Mama,

Shikamooni. Natumaini hapo Tabata wote hamjambo na mguu wa Mama umepata nafuu. Sisi huku ni wazima, wajukuu wenu wanawasalimu na wanaulizia ubuyu.

Baba, nilipokwambia kwenye simu kwamba tunakodi gari lenye vitanda na jiko ndani tukatembee bonde la mto Tarn, kusini mwa Ufaransa, kitu cha kwanza uliuliza breki. Zinashika vizuri. Gari halizidi tani 3.5, hivyo leseni ya kawaida inatosha, ila kimo chake ni karibu mita 3 na upepo wa mlimani ukilipiga ubavuni unausikia mpaka kwenye usukani. Kuteremkia kijiji cha Sainte-Enimie ni kona juu ya kona, na korongo linakutazama. Nikatia gia ya pili, nikaacha injini ilishike gari, kama ulivyonifundisha kwenye mlima wa Kitonga nilipokuwa utingo wako wakati wa likizo. Mkweo alifumba macho. Mimi nilitamani ungekuwa umekaa pale pembeni yangu.

Mto wenyewe ni Tarn. Unaanzia Mlima Lozère, wenye mita 1,699, halafu unaingia kwenye mawe ya chokaa, na umeyakata hadi kuta zimesimama zaidi ya mita 400 juu ya maji. Huku juu ya kuta ni nyanda kavu. Si kwamba mvua hainyeshi, inanyesha, lakini chokaa ina nyufa na mapango, maji yanazama yote na kuibukia chini kando ya mto. Tulinawa kwenye chemchemi moja pale Sainte-Enimie, vidole vikafa ganzi. Wafugaji wa kule juu nao wamesakafia vidimbwi kwa mawe ili maji ya mvua yasiwakimbie, kondoo wapate kunywa. Mama, wewe uliyekulia Kondoa na malambo yenu, usingehitaji mtu wa kukueleza.

Kijiji cha La Malène tuliacha gari tukapanda mtumbwi wa chini bapa. Mwenye mtumbwi husimama na upondo wake, anasukuma penye kina kifupi, na penye mkondo anauachia mto ufanye kazi. Zamani, kabla barabara haijachongwa humo bondeni, mto ndio uliokuwa njia. Siku hizi kwenda ni kuteremka tu, kurudi unapandishwa kwa gari. Mtoto wa kwanza aliona tumbusi wanazunguka juu ya majabali akadhani kuna msiba. Kumbe ndege hao walikuwa wametoweka kabisa sehemu hizo, wakaanza kurudishwa mwaka 1981, na sasa wafugaji wenyewe huwaachia mizoga ya kondoo.

Kuhusu kulala, Mama, usihofu. Vijiji vingi vya huku vimetenga viwanja vya magari kama haya. Unakuta bomba la maji safi, shimo la kumwagia maji uliyooshea vyombo na mahali pa kumwagia choo, maana choo cha gari kina kopo lake unalichomoa kwa nje. Kazi hiyo ni yangu. Asubuhi unanunua mkate kijijini, unachemsha chai, ukipapenda unabaki.

Pale Millau tulipita chini ya lile daraja lililofunguliwa mwaka 2004, urefu wake mita 2,460. La Kigamboni lina 680, mkadirie wenyewe.

Ila Baba, kila tuliposimama kando ya maji nilikuwa nawaza mto Ruaha. Tumepita pale Mbuyuni mara nyingi sana, wewe kwenye usukani, mimi nikichungulia mto dirishani, na hatukushuka hata kunawa uso, kwa sababu mzigo ulikuwa unasubiriwa Tunduma. Ulituvusha sisi sote shuleni kwa barabara ile. Sasa umestaafu na bado hujawahi kuipita kama abiria. Hilo linaniuma, na ndilo lililonifanya niandike barua badala ya kupiga simu.

Nataka nije mwezi wa saba, mvua zikiwa zimekwisha, twende mpaka Mbeya taratibu. Morogoro tulale, tupande kidogo Uluguru, yanakotoka maji ya Ruvu tunayokunywa hapo Dar. Mbuyuni tukae mtoni mchana kutwa, Mama anunue vitunguu vyake kwa utulivu. Kitonga nitapanda mimi, Baba utazame bonde.

Mama, Baba asije akasingizia kuku. Mwombeni baba mdogo atuachie Noah yake wiki mbili, mafuta na matairi ni juu yangu, na fundi aangalie breki kabla sijafika. Nijibuni mapema nikate tiketi.

Mwanenu