Mwulizeni fundi kama ameshakata

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Toleo lenu la Jumamosi iliyopita lilikuwa na kichwa cha habari kikubwa kwamba binadamu atakanyaga Mirihi "ndani ya miaka kumi". Nimeisoma habari nzima mara mbili, na sikuona mahali panapoeleza hiyo miaka kumi imehesabiwa vipi.

Nauliza kwa sababu. Nimesomesha fizikia sekondari kwa miaka mingi, na wanafunzi wa kidato cha pili hawataki kusikia habari za Newton mpaka kwanza uwajibu: mwalimu, watu watakwenda lini tena Mwezini, na lini Mirihi? Basi 1990 nikatenga kaunta buku moja kwa ajili ya swali hilo. Kila mwaka unaotajwa nauandika, na nani kautaja, na pembeni nimepiga mstari wa kuweka tiki siku mtu akitua. Kuzunguka na kurudi bila kutua hakupati tiki. Wino umetoka bluu ukawa mweusi ukarudi bluu, tiki sijaweka hata moja.

Mstari wa kwanza ni wa Mei 1990: Rais George Bush, yule baba, anataka bendera ya Marekani iwe imesimama Mirihi kabla ya Apollo 11, safari ya kwanza kutua na watu Mwezini, kutimiza miaka 50, yaani kabla ya Julai 2019. Januari 2004 mwanawe anasema watarudi Mwezini ifikapo 2020. Aprili 2010 Obama, aliyekwisha kupendekeza mpango huo ufutwe, anasema waende kwenye asteroidi, yaani mwamba unaolizunguka Jua, 2025, na katikati ya miaka ya 2030 wawe wanaizunguka Mirihi. 2017, akiwa Adelaide, Elon Musk, mwenye kampuni ya roketi ya SpaceX, anataja mizigo Mirihi 2022 na watu 2024. Kampuni ya Mars One ya Uholanzi ilisema watu 2023, ikafilisika 2019 (hiyo niliiandika kwa penseli tangu mwanzo). Machi 2019 Mike Pence, makamu wa rais wa Marekani wakati huo, anasema Mwezini ndani ya miaka mitano.

Baadaye nikarudi nyuma kujaza ya zamani, nikakutana na Wernher von Braun, mhandisi wa roketi za safari za Mwezini. Agosti 1969, wiki mbili tu baada ya Armstrong kushuka ile ngazi, yeye alikuwa ameshafika kwenye kutaja tarehe: safari ya Mirihi ingeondoka 12 Novemba 1981. Siku na mwezi! Mwaka uliofuata Apollo za mwisho zikaanza kukatwa, na tangu Desemba 1972 hakuna aliyekanyaga Mwezi, sembuse Mirihi.

Mtu atasema wanasiasa hutaja miaka ambayo wao hawatakuwepo Ikulu kuulizwa. Kweli, lakini hata Kennedy alifanya hivyo. Mei 1961 aliahidi Mwezi kabla muongo haujaisha, na hata angeshinda mara mbili asingekuwa rais Julai 1969. Ahadi yake ikatimia. Kwa hiyo kosa haliko kwenye kutaja mwaka, na hapa ndipo ninapomkumbuka mama yangu.

Kila Ramadhani mama alitupeleka kwa fundi cherehani wa Mchangani kupimwa kanzu za Idi. Likifika kumi la mwisho, kibanda cha yule fundi kilikuwa hakiingiliki, vitambaa mpaka dirishani, na kila mzazi anauliza lini. Fundi, pini mdomoni, anajibu kesho inshallah. Mama hakuwa akiuliza lini. Alikuwa akisema, "Hebu nionyeshe ulipofika." Akiletewa kitambaa bado kimekunjwa vilevile alivyokileta, anajua Idi hii tutavaa za mwaka jana. Akikuta mwili umeshashonwa na mikono bado, anahesabu mwenyewe: keshokutwa. Sikumbuki kama aliwahi kukosea.

Sasa mtazame Kennedy kwa jicho la mama. Siku anasimama kuahidi, kazi ilikuwa imeshaanza kukatwa, na kipande kimoja kilikuwa hapahapa Unguja. Makubaliano ya kujenga kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya Mercury, mpango wao wa kwanza wa kupeleka watu angani, pale Tunguu yalitiwa saini 1960, bado tuko chini ya Mwingereza. Wako waliokipinga kwa kuhofia ni mambo ya makombora. Mwanaanga wao John Glenn alipoizunguka Dunia Februari 1962, Zanzibar ilikuwa mojawapo ya vituo alivyokuwa akizungumza navyo njiani. Kikafungwa 1964 baada ya Mapinduzi. Nami nilioneshwa mahali hapo na mjomba, nikiwa mdogo, kwa fahari kama kwamba kituo kilikuwa chake. Halafu fedha: katikati ya miaka ile ya 1960 NASA, shirika la anga la Marekani, ilikuwa ikipata zaidi ya asilimia 4 ya bajeti ya serikali yao. Siku hizi haifiki hata nusu ya asilimia moja. Wale wengine waliotaja miaka walitaja kitambaa kikiwa bado dukani, na hakijalipiwa.

Mirihi hasa ndiyo inayonifanya niandike, maana hapo maneno ni mengi kuliko kazi. Safari ya huko ina majira kama jahazi la zamani lililosubiri kaskazi. Njia nafuu hufunguka kila baada ya miezi 26 hivi, ukiikosa unakaa. Kwenda peke yake ni miezi sita mpaka tisa. Ukifika unangoja zaidi ya mwaka majira ya kurudi yafike, jumla karibu miaka mitatu. Ukiita nyumbani, sauti yako inaweza kuchukua dakika 22 kufika, na jibu dakika 22 nyingine.

Na kutua kwenyewe? Mgandamizo wa hewa ya Mirihi haufiki asilimia moja ya ule wa hewa yetu: hewa hiyo inatosha kukuunguza unapoingia kwa kasi, haitoshi kulishikilia parachuti mpaka chini. Mzigo mzito kuliko yote uliowahi kutembea kwenye udongo ule ni gari la Perseverance, kilo 1,025, lililotua Februari 2021. Hiyo ni kama gari dogo la familia. Watu, chakula chao cha miaka na chombo cha kuwarudisha ni makumi ya tani. Hapo mama angesema kitambaa bado kimekunjwa.

Mwezi ni habari nyingine, kwani huko kuna vipande vimeshakatwa. Roketi kubwa ya NASA na chombo cha Orion viliruka Novemba 2022 bila watu, Orion ikarudi, ila ngao yake ya joto ikamegeka kwa namna ambayo wahandisi hawakuitarajia. Januari 2024 wakasogeza kutua hadi Septemba 2026, na Desemba ya mwaka huohuo wakasogeza tena hadi katikati ya 2027. Cha kuwauliza ni chombo cha kushukia. Starship ya Musk waliyoichagua 2021 haina budi kujazwa mafuta ikiwa juu huko, na meli nyingine zitakazorushwa moja baada ya moja. Wameshamiminiana mafuta ya kutosha kufika Mwezini? Jibu la swali hilo moja lingenifaa kuliko tarehe kumi.

Wachina wamesema ifikapo 2030, na hao nikiwapitia kwa jicho lilelile naona mikono imeshatiwa. Chombo chao kisicho na watu, Chang'e 6, kilileta udongo kutoka upande wa Mwezi tusiouona Juni 2024, na Agosti 2025 chombo chao cha kushukia Mwezini, Lanyue, kilijaribiwa hapa Duniani kushuka na kupaa.

Ombi langu basi: mkichapa mwaka, chapeni chini yake mwaka ambao mtu huyohuyo alisema kabla ya huo, na kitu gani bado hakijafanya kazi. Mistari miwili tu, haili nafasi ya tangazo.

Nisije nikaonekana nawakosoa wengine huku mimi nimejificha, nimeandika utabiri wangu kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, kwa wino. Wachina Mwezini 2030 au mwaka unaofuata. Mirihi si kabla ya 2045, na hapo sitakuwepo kuulizwa, kama marais. Lakini kwa huo wa Mwezi mnaweza kunidai. Nikikosea, nitawaandikia tena, na barua hiyo naomba mwipe nafasi ileile.

Mwalimu mstaafu,
Unguja