Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Manispaa: namba za wagonjwa zirudi mtaani

Shikamoo Daktari,

Naandika nikiwa Ujiji, Kigoma, na nimeamua kuandika wazi kwa sababu hili ninaloomba sio langu peke yangu. Sijaja kulalamika kwamba dawa hakuna au manesi wana maneno makali, hayo yana watu wake wa kuyasema. Mi naomba kitu kimoja, zile namba zinazojazwa kila siku kwenye vitabu vya MTUHA, yale madaftari ya zahanati ya kuandikia wagonjwa na magonjwa yao, zirudi mtaani na sisi tuzione.

Ngoja nieleze ilikotokea. Mvua za mwaka jana kuna wiki ilinyesha usiku mfululizo, na mwenye nyumba mmoja mtaani kwetu akatapisha choo. Wote tunajua inavyofanywa, mtu anasubiri mvua ichachamae, anatoboa shimo upande wa mteremko, maji yanabeba kila kitu, asubuhi anafagia uwanja kama kawaida. Harufu tuliisikia. Hakuna aliyesema, jirani ni jirani, na wengi wetu vyoo vinajaa na hela ya gari la majitaka hatuna. Sasa ule mteremko unaishia karibu na kisima ambacho nusu ya mtaa tunachota maji yakikatika bombani. Siku ya nne mwanangu wa miaka mitatu akaanza kuhara na kutapika, mpaka saa kumi usiku macho yameingia ndani, ukimvuta ngozi ya tumbo inabaki imesimama, kulipopambazuka tu tukakimbia zahanati.

Kwenye foleni nikamkuta mama wa nyumba ya tatu kutoka kwetu kambeba mjukuu, na kijana mmoja wa bodaboda wa mtaa huohuo kajikunja kwenye benchi, tukapeana pole, kila mtu anaamini lake ni lake, mmoja anasema ni meno, mwingine anasema ni chakula cha jana. Nesi akafungua lile daftari kubwa, akapiga mstari kwa rula, akauliza jina, umri, mtaa. Daftari lilikuwa limegeukia kidogo upande wangu, na pale kwenye safu ya makazi nikaona jina la mtaa wetu. Nikapandisha macho mstari wa juu, mtaa wetu. Wa juu yake tena. Mara 6 kwenye ukurasa mmoja. Majina ya watu sikuyasoma wala sikuyatafuta, lakini ile safu ilikuwa inajua jambo ambalo mtaa mzima tulikuwa hatulijui. Mwanangu alipona, nawashukuru sana wale manesi, walikuwa wawili tu na foleni inafika nje. Ila kisima tuliendelea kukichota wiki nzima nyingine mpaka tulipoanza kuambiana wenyewe, na watoto wengine wakaugua katikati hapo.

Tangu siku hiyo hili jambo halijanitoka, nikawa nasoma usiku kwenye simu jinsi miji mingine ilivyofanya, na huko ndiko nilikokutana na ripoti za zamani za Uingereza. Maktaba ya Wellcome ya London imeweka mtandaoni ripoti zaidi ya 5,500 za madaktari wa afya wa mitaa ya London na vimji vya pembeni yake, kuanzia 1848 mpaka 1972, bure, yeyote anafungua. Kila halmashauri, hata ya mji mdogo wa wilaya, ilikuwa na daktari wake wa afya ya jamii na wakaguzi chini yake, na kila mwaka huyo daktari anaandika ripoti anaiwasilisha kwa mwenyekiti na wajumbe wa halmashauri. Ripoti yenyewe ni ya mambo ya kawaida kabisa. Wamezaliwa wangapi, wamekufa wangapi na kwa ugonjwa gani, surua wangapi, kifua kikuu wangapi, maji yamepimwa na majibu yake, nyumba zilizokaguliwa, mitaro iliyozibuliwa, nyama iliyokataliwa, mpaka panya. Hata mwaka 1948 hospitali zilipochukuliwa na serikali kuu, huko wilayani waliendelea na maji, nyumba, vyakula na magonjwa ya kuambukiza, na ripoti zikaendelea kuandikwa mpaka cheo chenyewe kilipofutwa mwaka 1974.

Na namba zao zinaonyesha kitu. Mwaka 1900 kule Uingereza na Wales, katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, karibu 150 walikuwa hawafiki mwaka mmoja, ilipofika 1950 wamebaki kama 30. Dondakoo mwaka 1940 wagonjwa walizidi elfu 40 na vifo vilizidi 2,000, wakaanza chanjo kwa nguvu, mwaka 1957 wagonjwa hawakufika 50. Sisemi karatasi ndiyo iliyoponya watoto, chanjo iliponya, maji safi yaliponya, hali ya maisha ilibadilika. Lakini diwani aliyesomewa kwamba eneo fulani limezika watoto wengi kuliko lingine hawezi kurudi nyumbani akasema hakujua. Desemba 1952 moshi wa makaa ulijifungia juu ya London siku tano, hesabu ya mwanzo ikawa watu kama 4,000 wamekufa, na wengi walikufa vitandani mwao kwa kifua, kila nyumba inajua msiba wake tu. Ni hesabu ya vifo iliyowaonyesha kwamba ule ulikuwa msiba mmoja, na sheria ya hewa safi ikapita 1956.

Miaka hiyohiyo ya hamsini huku kwetu marehemu bibi yangu alikuwa binti, na alikuwa anatusimulia bwana afya wa Ujiji. Anasema akionekana tu mwanzo wa mtaa watoto wanakimbia, wanawake wanamwaga maji ya mitungi haraka kabla hajafunua kutafuta viluwiluwi vya mbu. Kila nyumba aliijua. Lakini aliandika kwenye daftari lake akaondoka nalo, watu wakaachiwa faini na woga. Hilo ndilo linaloniuma nikilinganisha, kule mtu anahesabiwa halafu baraza lake alilolichagua linasomewa, huku mtu anahesabiwa tu.

Leo tuna uhuru, tuna madiwani, tuna vitabu vya MTUHA kila zahanati, na namba zinaingizwa kwenye kompyuta mpaka wizarani. Zinapanda juu vizuri tu, Daktari. Kushuka ndio hazishuki.

Na sio kwamba watu wakijua wanachanganyikiwa. Mwezi Mei 2015 wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga, kijiji cha mpakani ziwani, na kipindupindu kikazuka, wakawa wanaletwa na meli ya MV Liemba mpaka hapa mjini, wanapumzishwa uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu, redioni tulikuwa tunasikia idadi ya wagonjwa. Watu waliogopa ndio, ila nyumbani kwetu hakuna aliyekunywa maji bila kuchemshwa miezi ile, na mama ntilie ninayekula kwake aliweka ndoo ya kunawia yenye koki bila kuambiwa mara mbili.

Kwa hiyo ninachoomba ni karatasi moja kila mwezi kwa kila kata. Kuhara, homa ya matumbo, malaria, surua, na watoto waliokosa chanjo, mwezi huu wangapi na mwezi uliopita wangapi, na kama kisima kimepimwa majibu yaandikwe hapohapo. Magonjwa ya siri msiyaweke, na pale namba ni ndogo kiasi cha mtu kujulikana, iandikwe kwa kata bila kutaja mtaa. Mtendaji aisome kwenye mkutano wa mtaa, maana wazee wetu wengi karatasi ya kubandikwa hawaioni vizuri. Halafu mwisho wa mwaka ripoti nzima iende baraza la madiwani, siku ambayo wananchi tunaruhusiwa kuingia kusikiliza. Najua watu wako ni wachache na wamechoka, ndio maana siombi kazi mpya ya kuhesabu, kuhesabu mnahesabu tayari.

Kwetu mvua zinaanza kushika Oktoba kuelekea Novemba, na vile vyoo bado vimejaa. Ubao wa matangazo pale ofisi ya kata upo, upande mmoja wamebandika mapato na matumizi, upande wa pili hauna kitu.

Wako,
Mzazi, mkazi wa Ujiji