Mchuzi bila kitunguu

Besti mambo,

Samahani nimekaa kimya, Dodoma hapa ni upepo na vumbi kama kawaida ila tumbo ndo lilikuwa linanitesa. Si unakumbuka nilivyokuwa nikila mchuzi wa kuku na chapati, baada ya muda tumbo limejaa kama nina mimba ya miezi mitano, nafungua kifungo cha sketi chini ya meza ya ofisi? Nikawa nasingizia pilipili. Nikaacha pilipili, nikaacha na binzari, nikala mboga za kuchemsha kama mgonjwa wa wodini, wapi! Kumbe mchawi kitunguu.

Mtu wa lishe aliniambia ni IBS, yaani utumbo wenye usumbufu wa muda mrefu, akanianzishia mlo wa low FODMAP, ule wa kupunguza aina za wanga na sukari zinazochacha tumboni, waliobuni watafiti wa chuo cha Monash Australia. Unaacha vyakula vyenye vitu hivyo wiki mbili mpaka sita, afu unarudisha kimoja kimoja ujue kipi kinakuchokoza. Kitunguu maji, saumu na ngano vina kitu kinaitwa fruktani, hatuwezi kukimeng'enya, kikifika utumbo mpana bakteria wanajilia wanatoa gesi.

Sasa mchuzi bila kitunguu unaupikaje? Nililia mwanzoni, kweli tena. Ila fruktani inayeyuka kwenye maji, kwenye mafuta haiyeyuki, kwa hiyo nakaanga punje nzima za saumu moto mdogo, zikianza rangi natoa zote (baba watoto anazitafuna na ugali), mafuta yanabaki na harufu yote. Usije ukazitumbukiza kwenye mchuzi ukasema utazitoa baadaye, hapo imeshakula kwako. Afu bizari nyembamba, manjano, tangawizi, nyanya, kuku, tui kidogo tu, mwishoni majani ya kitunguu yale ya kijani, sio ile sehemu nyeupe. Binzari za paketi soma nyuma, nyingine wanachanganya na unga wa saumu.

Nikanunua na mvuje, eti Wahindi ndo wanaweka badala ya kitunguu. Ule ule wa kufungia watoto wachanga! Nimeweka kidogo tu kwenye mafuta ya moto, baba watoto katoka chumbani anauliza kuna mtoto mgonjwa humu? Ila ukishaiva harufu inatulia, mchuzi unakuwa kama una kitunguu. Angalia tu usiwe umechanganywa na unga wa ngano, wanafanyaga hivyo.

Chapati nimeweka pembeni, nakula wali au ugali wa uwele, na mama mkwe wangu Mgogo anafurahi huyo, anasema mkamwana sasa ameanza kula chakula. Kinachoniuma ni zabibu, msimu ukifika watu wanakula kichane kizima mi nahesabu punje.

Ukija usihangaike kubeba maembe, nayo yamo kwenye orodha ya vya kuacha. Niletee nazi za huko Tanga, za hapa bei haishikiki.

Wako yule yule