Orodha ya miti dawa ya kusini isiishie kwenye majina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nichangie hoja inayorudiwa na wasomaji wengi wa Lindi na Mtwara, kwamba iandikwe orodha ya miti dawa ya mikoa yetu kabla wazee wanaoijua hawajatutoka. Hoja hiyo naiunga mkono. Wasiwasi wangu ni namna inavyoelezwa: jina la mti, sehemu inayotumika, ugonjwa unaotibiwa, basi. Orodha ya namna hiyo itaacha nje jambo ambalo waganga hulifuata kila siku kwa ulimi na pua, nalo ni kemikali zilizomo ndani ya mmea, ambazo kwa zaidi ya miaka 60 wataalamu wamekuwa wakizitumia kupanga mimea katika familia zake na kueleza kwa nini dawa fulani hutibu au hudhuru.

Nianze na muhogo, kwa kuwa hakuna mkulima wa Newala au Tandahimba asiyejua tofauti ya mtamu na mchungu. Mtaalamu wa mimea akiletewa matawi ya yote miwili atayapa jina moja la kisayansi, Manihot esculenta, maana maua na matunda hayampi sababu ya kuyatenga kuwa spishi mbili. Mpishi hawezi kumkubalia, kwa sababu mmoja humenywa, ukachemshwa na kuliwa siku hiyohiyo, na mwingine usipovundikwa vizuri unaweza kuleta msiba. Katika shauri hili kemia iko upande wa mpishi. Mihogo yote ina linamarini, ambayo tishu za mmea zinapopondwa hukutana na kimeng'enya (kichochezi cha mmea kinachoivunja) kilichokuwa kimetengwa nayo, na mwisho wake hutoka sumu ya sianidi; ila kwa kawaida muhogo mchungu huwa na linamarini nyingi zaidi, na ukame huiongeza. Mwaka 1981, wakati wa ukame mkali, zaidi ya watu 1,000 walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo huko Nampula, ng'ambo ya Ruvuma, kwa kula muhogo mchungu uliotayarishwa kwa haraka. Kukausha juani peke yake hakuondoi sumu hiyo kama kuvundika majini kunavyoiondoa. Bibi anayekata kipande kibichi shambani, akakigusisha ulimi na kukitema kabla ya kuamua kiende chunguni au kwenye maji, anapanga mimea kwa kemikali zake, hata kama hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

Mfano wa pili uko mikononi mwa kila anayebangua korosho. Mafuta ya ganda huunguza ngozi kwa sababu yana asidi anakadiki na kardoli. Utomvu wa embe nao una kemikali za ukoo huohuo, na ndiyo maana mtu ambaye ngozi yake imekwisha kuchukizwa na ganda la korosho anaweza kuvimba midomo akila embe kwa ganda lake. Mkorosho asili yake ni Brazili na mwembe ni Asia; katika mashamba yetu imekutana kama wageni wawili, kumbe ni ya familia moja. Anayejua udugu huo anaweza kuonya kabla mtu hajadhurika, na orodha yenye majina matupu haina uwezo huo.

Udugu mwingine haukuonekana kwa macho hata kidogo. Tafuna mzizi wa mlonge, mbegu za papai, kijiti cha mswaki, kisha jani bichi la kabichi: mwasho unaopanda puani baada ya kutafuna, mkali kwa baadhi na hafifu kwa kabichi, unatokana na kundi moja la kemikali liitwalo glukosinolati, ambalo nalo, kama linamarini, husubiri mmea uvunjwe ndipo likutane na kimeng'enya chake. Wapangaji wengi wa zamani, wakitazama maua, waliiweka mimea hii mbalimbali kabisa. Katika miaka ya 1970 Rolf Dahlgren, mtaalamu wa mimea kutoka Skandinavia, alipendekeza ikusanywe mahali pamoja kwa ushahidi wa kemikali hizo, na wengi hawakuridhika. Uchunguzi wa vinasaba katika miaka ya 1990 ulikuja kuonyesha kwamba kwa sehemu kubwa alikuwa sahihi, na leo mlonge, mpapai, mswaki na kabichi viko katika oda moja, yaani kundi moja la familia zenye udugu.

Nasema kwa sehemu kubwa kwa makusudi. Ipo jenasi ya miti iitwayo Drypetes, yaani kundi la spishi zenye udugu wa karibu, ambayo spishi zake kadhaa humea katika misitu ya pwani ya Tanzania, nayo ina glukosinolati ingawa vinasaba vinaiweka mbali kabisa na mlonge. Mimea hiyo ilifika kwenye kemikali ileile kwa njia yake yenyewe, sawa na mbuni na mchai, ambayo yote ina kafeini bila kuwa ya familia moja. Kwa hiyo simwombi mtu yeyote aifanye kemia kuwa hakimu pekee. Tena udugu si cheti cha usalama: nyanya, bilinganya, tumbaku na mnanaha ni familia moja, na mbegu chache za mnanaha zinatosha kumpotezea mtu fahamu kwa sumu zake, atropini na skopolamini.

Turudi kwa waganga. Ninachokitaka zaidi katika orodha ni maelezo ya namna dawa inavyotayarishwa, kwa kuwa humo ndimo kemia imejificha. Kuchemsha, kuloweka kwenye maji baridi, kukausha kivulini, kuchanganya na majivu au mafuta ya nazi, kila moja hutoa au huacha kitu tofauti. Bibi Tu Youyou wa China alipokuwa akitafuta dawa ya malaria, dondoo zake za awali hazikuwa za kutegemewa mpaka aliposoma maelekezo ya tabibu Ge Hong, aliyeishi karne ya 4, ya kuloweka mmea majini na kuukamua bila kutaja kuchemsha. Akapunguza joto, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na mwaka 1972 yeye na wenzake wakaipata artemisinini, kemikali ya mmea huo inayotibu malaria. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2015. Lau maandishi yale yangetaja jina la mmea na homa tu, yasingemsaidia kitu. Vivyo hivyo, anayeandika "mwarobaini" bila kusema ni jani au mbegu ameandika nusu, kwa sababu azadiraktini, kemikali mojawapo ya mti huo, hujaa zaidi kwenye mbegu.

Lipo pia suala la sampuli. Katika miaka ya 1934 na 1935 Mjerumani Schlieben alikusanya mimea mingi sana katika wilaya ya Lindi, hasa karibu na ziwa Lutamba. Sehemu kubwa ya hazina ya mimea iliyokaushwa ya Berlin iliteketea kwa mabomu mwaka 1943, na nakala za Schlieben zilizosalia zimetawanyika katika nchi mbalimbali. Orodha yetu iache sampuli hapa nchini, katika hifadhi ya taifa iliyoko Arusha na ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: tawi lenye jani na ua au tunda, tarehe, mahali, aina ya udongo. Matokeo ya maabara yasiyo na sampuli hayana mtu wa kuyahakiki.

Najua wapo waganga watakaosita, na wana haki. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliwatambua, lakini kutambuliwa si sawa na kulipwa, wala hakumzuii mgeni kuondoka na maarifa ya mtu. Kila maelezo yaandikwe kwa ridhaa na kwa jina la aliyeyatoa, isipokuwa yeye mwenyewe akitaka lisitajwe, na makubaliano ya mgawo wa faida yawe kwenye karatasi kabla gome halijaguswa.

Kama kazi itaanza, napendekeza ianze na magome na mizizi inayouzwa sokoni, ambayo haina jani wala ua la kumwongoza mnunuzi. Unga kidogo wa gome ukilowekwa katika spiriti, tone lake likawekwa chini ya bamba la kromatografia, kimiminika kinapopanda hutenganisha kemikali zake kuwa madoa, na madoa hayo hulinganishwa na ya gome ambalo mti wake unajulikana bila shaka. Kipimo hicho hakidai mashine kubwa. Vyuo vyetu vinaweza kukifanya, na mimi na wanafunzi wangu tuko tayari kukusanya matawi.

Wako,
Mwalimu wa kemia,
Masasi, Mtwara