Cos x na deni la Fejér

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na swali lako nimelala nalo siku tatu: ikiwa wastani wa Fejér (wa jumla za Fourier za mwanzo) haumwangushi mtu, kwa nini tusiachane kabisa na jumla za kawaida za Fourier, zile zinazokusanya mawimbi ya sini na kosini ya kitendakazi hadi wimbi fulani?

Hofu yako ina msingi. Mwaka 1873 mwanahisabati du Bois-Reymond alionyesha kitendakazi kisichokatika popote, lakini mfululizo wake wa Fourier unatawanyika, yaani haufikii thamani yoyote, kwenye nukta moja. Ilipofika 1900, Fejér, kijana wa miaka 20, akachukua wastani wa zile jumla, na wastani huo ukakikaribia kila kitendakazi cha aina hiyo, kote kwa pamoja. Nguvu yake yote inatoka kwenye kiini chake, yaani uzito unaozipa thamani za kitendakazi unapozichanganya, ambacho hakishuki kamwe chini ya sifuri.

Sasa mpe Fejér cos x, wimbi moja tu. Jumla ya kawaida inalirudisha lilivyo. Wastani wa jumla 100 za mwanzo unakupa 0.99 cos x. Ukichukua 200, unapata 0.995 cos x. Nilipoliona hili mara ya kwanza niliumia, kwa kweli! Kitendakazi laini kuliko vyote, na bado hitilafu ni 1/n kamili. Wala si bahati mbaya ya cos x: hitilafu ya Fejér haishuki kwa kasi kuliko 1/n, ila kitendakazi kikiwa namba isiyobadilika. Mwanahisabati Korovkin alionyesha kwamba hata ukibuni kiini kingine cha daraja n (chenye mawimbi hadi la n) kisichoshuka chini ya sifuri, kuna kikomo cha kasi ya hitilafu, 1/n², ambacho huwezi kukivuka kwa sini na kosini zote mbili. Usalama huo una deni lake.

Na jumla ya kawaida usiidharau. Hitilafu yake haizidi ile ya polinomia bora ya daraja n (mchanganyiko wa sini na kosini hadi wimbi la n unaokikaribia kitendakazi kuliko mingine yote) ikizidishwa kwa 1 + L, ambapo L ni namba ya Lebesgue, kipimo cha jinsi jumla inavyoweza kukuza thamani za kitendakazi. L hukua bila kikomo, ndiyo, lakini polepole mno, kama logi asilia ya n mara 4/π². Hata n ikiwa milioni moja, L haijafika 7.

Ninayempenda mimi ni mwanahisabati de la Vallée Poussin, kwa njia yake. Zidisha wastani wa 200 kwa mbili, kisha toa wastani wa 100. Kwa cos x: 2 × 0.995 − 0.99 = 1. Deni limelipwa! Kwa njia hiyo kila polinomia ya daraja lisilozidi n inarudi ilivyo, na kwa kitendakazi chochote kisichokatika hitilafu haizidi mara nne ya ile ya polinomia bora ya daraja n. Kiini kinashuka chini ya sifuri mahali fulani, na unahitaji vizigeu (namba zinazozidisha kila wimbi) karibu mara mbili, hadi wimbi la 2n − 1. Kwangu mimi hiyo ni bei ya haki.

Nimeanza kukokotoa |sin x| kwa njia zote tatu, n ikiwa 8. Wewe chukua 16, unitumie hitilafu za pale kwenye sifuri, penye kona. Nina hamu ya kuziweka kando ya zangu.

Ni mimi rafiki yako.